Kata ya Togwa Mbele ya Shahidi

Shahidi, mashine ya kupima mate, alikimeza kijiti alicholamba Ndeshi, akanguruma kidogo kama paka aliyeshiba, kisha taa yake ikawaka nyekundu.

Ndeshi alidhani ameona vibaya. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa kituo cha juu, sare yake mpya ya udereva ingali na mikunjo ya dukani, ufunguo wa gari la waya umening'inia shingoni mwake kwa mara ya kwanza. Nyuma yake abiria walikuwa wamejipanga na mikungu yao ya ndizi na madumu yao ya maziwa, na wengine walikuwa wakimpigia makofi tangu walipomwona anapanda njia. Makofi yakakatika.

"Kinywa hiki kina afyuni," Shahidi akasema, kwa ile sauti yake ya upole, kama muuguzi anayekuomba unyooshe mkono. "Dereva hatapanda. Tafadhali rudisha ufunguo."

Mbele ya Ndeshi gari lilikuwa linayumba polepole kwenye waya wake, na chini ya gari kulikuwa na bonde lote, migomba hadi macho yachoke. Ndekirwa, mzee mmoja ambaye hakuwahi kwenda popote bila mbuzi na bila maneno, aliuliza kama mbuzi wake naye apimwe, maana jana alimwona anapepesuka. Siku nyingine watu wangecheka. Siku ile mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu, akamtazama Ndeshi kama anavyotazamwa mtu aliyeokota kisu.

Wala huwezi kuwalaumu. Hakuna mtu wa mlima ule aliyekuwa amesahau mwaka gari lilipoachia waya na dereva amelala kwenye usukani, amejaa unga wa usingizi mpaka kwenye kope. Ndipo Shahidi walipoletwa, mmoja kila kituo, mmoja kila mlango wa kazi inayobeba roho za watu. Ndeshi alimzika shangazi yake mwaka ule. Chuoni, wenzake walipomcheka Shahidi na kumwita mlamba mate, yeye alikuwa akiwanyamazisha.

Sasa alisimama mbele yake, akapitisha ulimi kwenye ufizi. Utamu wa togwa ulikuwa bado upo. Na chini ya utamu ule, kwa mbali, kulikuwa na uchungu. Uchungu ule aliujua. Alikuwa akiupima kwa kijiko kila siku.

Akaelewa yote palepale.

Asubuhi ile bibi yake, Aikaruwa, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa amejikokota hadi uani ili amuage. Kwao, mtu akitoka kwenda kuanza kazi mpya, mkubwa wa nyumba huchota kinywaji kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele ya wote, ili moyo wa anayeondoka utulie ajue hakuna kibaya ndani. Kisha hujaza kinywa, akampulizia yule mtu viganjani, manyunyu tu. Na yule mtu huipokea kata kwa mikono iliyolowa, akainywa mpaka chini, asibakize hata tone. Kubakiza ni kuibakiza safari.

Nyumba nyingine hutumia mbege, pombe ya ndizi. Bibi Aikaruwa aliikataa mbege, akasema lile lidude la kituoni litamnusa mtoto pombe, wamrudishe siku ya kwanza. Akapikisha togwa ya ulezi, na alikuwa akiionja kila mara aone kama imeanza kuchachuka. Kila kitu kilichungwa. Lakini ili aweze kusimama uani bila kushikwa, kwanza alikunywa dawa yake, ile dawa ya maji, chungu, ya ugonjwa uliokuwa ukimla mifupa, dawa inayong'ang'ania ulimini kama utomvu wa mgomba. Na kwa kinywa hicho hicho akaonja kata.

Pombe waliiogopa. Dawa hakuna aliyeikumbuka, maana katika nyumba ile dawa ilikuwa imeshakuwa kama chumvi.

Ndeshi alifungua mdomo aseme. Halafu akaufumba, akavua ufunguo, akauweka kwenye sahani ya Shahidi.

*

Afisa wa upimaji wa mlima mzima alikuwa mwanamke aitwaye Rogathe, mzaliwa wa kijiji kimoja na Ndeshi, juu kidogo ya mfereji wa maji. Alimpokea Ndeshi vizuri, akamvutia kiti, akamuulizia hali ya nyumbani. Lakini aliuliza hali ya nyumbani huku macho yake yako mezani, na Ndeshi akajua kwamba ameshafahamu afyuni ilitoka kwa nani.

Ndeshi aliomba apimwe damu. Wote wawili walikuwa wamesoma somo moja kwa hiyo hapakuwa na haja ya kufundishana. Damu hutaka sindano na mtu wa kuchoma. Mkojo hutaka choo na mtu wa kusimama mlangoni, na watu hubeba mkojo wa wenzao kwenye vichupa. Nywele hutunza habari za miezi mingi lakini za asubuhi hazijui. Mate yana haraka: unalamba kijiti, unapita. Ila mate yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayajui kutofautisha kilichotoka ndani ya mwili na kilichopita tu mdomoni. Ndiyo maana Shahidi wa kwanza waliwaagiza watu wasukutue maji, wakae kitako, wangoje, ndipo walambe. Kungoja kuliondolewa Shahidi hawa wapya walipokuja, kwa sababu foleni zilikuwa zinafika barabarani, na mashine zilisifiwa kwamba zinaona hata chembe. Ni kweli zinaona chembe. Chembe hiyo ilipanda kutoka tumboni au imekaa tu kwenye jino, hilo hazikuulizwa.

Na aliyetia muhuri kungoja kuondolewe ni Rogathe.

"Damu utapimwa," Rogathe akasema. "Lakini kwanza utaje asili. Umwambie Shahidi ile afyuni ilitoka wapi. Bila asili hapafunguliwi sindano."

"Na nikitaja?"

"Chupa iliyotoka inafungwa."

Chupa za afyuni siku hizo zilikuwa na vifuniko vyenye masikio. Mgonjwa huweka kidole, kifuniko kikamtambua, kikafunguka kwa saa yake na kwa kiasi chake. Ofisi ikisema funga, kinafunga, na ukikivunja dawa inaganda humo humo kama nta. Sheria ile nayo ilikuwa na sababu yake, kwa kuwa palikuwa na watu waliouza dawa za wazazi wao barabarani, wazee wakabaki wanaota jua na maumivu yao. Kwa hiyo ikaandikwa kwamba afyuni ya mgonjwa ikikutwa kwenye kinywa cha mwingine, mgonjwa huyo hapewi tena.

Ndeshi aliuliza Bibi atapewa nini badala yake. Rogathe akasema kuna vidonge.

"Vile vya kichwa?"

Rogathe alisema kwa sauti ndogo, si sauti ya ofisi, kwamba Bibi ni mtu mzima aliyekwisha kula chumvi nyingi, na Ndeshi ndiyo kwanza anaanza. Kwamba neno moja tu, na damu yake ingemsafisha kabla jua halijatua. Asipolisema, mate ndiyo yatakuwa neno la mwisho, na ufunguo hautarudi, si mwaka huu wala mwaka wowote.

"Utasema mwenyewe mbele ya watu, siku ya gulio," alimaliza. "Na mimi kabla sijatia muhuri nitalamba kijiti kama wewe. Kinywa changu kikiwa kichafu, muhuri hausomi. Sheria haichagui."

*

Nyumbani Ndeshi alisema gari limeharibika.

Bibi Aikaruwa alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, mto chini ya kiuno. Alingoja mpaka gari lilipopita juu ya migomba, likienda kwa kushtuka-shtuka mikononi mwa dereva asiyelijua vizuri, na kivuli chake kikawapitia wote wawili.

"Gari bovu lina sauti nzuri," Bibi akasema.

Basi ikambidi Ndeshi aseme. Alisema akiwa amempa Bibi mgongo, anamenya ndizi ambazo hakuna aliyeziomba. Alipofika kwenye kata na dawa, alimsikia Bibi akivuta pumzi, kisha akimtukana Shahidi tusi moja la kale ambalo siku hizi vijana hawalijui hata maana yake.

Bibi alitaka abebwe palepale hadi ofisini akaseme. Ndeshi alikataa. Wakavutana hivyo, mmoja amelala, mmoja amesimama na kisu cha ndizi, mpaka kuku wakaondoka uani. Bibi alisema dawa ni yake na kinywa ni chake. Ndeshi alimuuliza kama ameshasahau hali ilivyokuwa kabla ya dawa, alivyokuwa anauma kitenge asipige kelele, meno yakapita upande wa pili. Yeye alikuwa amekitunza kile kitenge. Akakileta, akakifungua mbele ya Bibi, matundu yakaonekana.

Bibi akapitisha kidole kwenye tundu moja.

"Mimi kufa sikuogopi," alisema. "Ninachoogopa ni kufa napiga mayowe, majirani wakaja kunichungulia. Yule Ndekirwa angesimulia mpaka mbuzi wake achoke kusikiliza."

Wakacheka, kwa kuwa ni kweli. Kisha Ndeshi akasema kwamba yeye hatataja. Si kwa machozi alisema, alisema kama mtu anayefunga mlango. Mashine imeona kitu mdomoni ikasema kiko mwilini. Akiitajia asili ni kama anaikubalia kwamba ilikuwa na haki ya kuuliza. Kosa ni la kwake Shahidi, basi alibebe Shahidi. Asitafutiwe mwanamke mgonjwa wa kumbebea.

Bibi hakubisha tena. Akaomba tu aletewe ulezi ule uliobaki, auone kama umeota vizuri. Ndeshi akamletea, bila kufikiri.

*

Siku ya gulio ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka madirishani. Wengine walitoka sokoni na vikapu vyao kichwani. Shahidi wa ofisi alikuwa amewekwa juu ya meza, na ufunguo wa Ndeshi uko kwenye sahani yake. Rogathe alikaa kando yake, muhuri umefungwa kwenye kifundo cha mkono kama saa.

Shahidi akamwambia Ndeshi ataje asili.

"Sitaji," Ndeshi akasema.

Akaulizwa kama ameelewa kwamba atapoteza ufunguo. Akajibu kwamba ameelewa vizuri sana. Akasema mwili wake ni safi na Shahidi hajawahi kuugusa mwili wake, amegusa mate tu. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe asingependa kupanda gari la dereva mlevi, shangazi yake amelala makaburini kwa sababu hiyo, na kwamba ndiyo maana anataka chombo kinachosema kweli, si kinachosema haraka. Watu wakaguna. Wapo waliomgunia yeye, wapo waliomgunia Shahidi.

Rogathe alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kijiti chake, alambe, atie muhuri, mambo yaishe. Ndipo watu wa mlangoni wakaanza kupisha.

Bibi Aikaruwa aliletwa juu ya kiti, vijana wawili wa jirani wamekishika huku na huku. Amevaa kitenge chake kizuri. Mapajani amepakata kibuyu, kata, na chupa yake ya dawa. Ndeshi alitaka kumkimbilia, Bibi akamwonyesha kiganja, akae hapo hapo.

Rogathe alisimama, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Ofisi inakutunza."

Ukumbi ukacheka kidogo. Bibi akageukia mezani. Akasema kwa sauti, bila kumeza neno, kwamba afyuni ile ni ya chupa hii aliyoipakata, kwamba aliinywa yeye, akaonja kata yeye, akampa mjukuu wake. Mjukuu amenyamaza kwa ajili yake. Yeye hakuombwa kunyamaza.

"Asili imepokelewa," Shahidi akasema. "Chupa itafungwa. Namngoja afisa atie muhuri."

Ndeshi akasema, "Bibi, kwa nini?"

Bibi hakumtazama. Alikuwa anachota togwa kwa kata. Akanywa kwanza yeye, mbele ya wote, akameza. Kisha akainyoosha kata kwa Rogathe.

"Nimetoka kunywa dawa muda huu huu, nakwambia wazi, nisije nikasemwa nimekutega. Uchungu wake uko hapa kwenye ulimi. Alichokunywa mjukuu wangu asubuhi ile ndicho kilichomo humu, tone lisiloweza kumlewesha hata kifaranga. Kama Shahidi wako anasema kweli, basi usinywe, maana utakuwa mla afyuni. Kama unajua si kweli, kunywa. Siku ulipokwenda kusoma ulikunywa kwenye kata hii hii, nami nilikuwa sijaugua."

Wote waliokuwemo walijua maana ya kuikataa kata iliyokwisha kuonjwa na mwenyewe: ni kumwambia aliyekupa kwamba yeye ni mchawi. Lakini kwa Rogathe kulikuwa na zaidi ya hilo. Ni yeye aliyeondoa kungoja. Alijua. Alikuwa amejua tangu siku ile Ndeshi alipokaa kwenye kile kiti, na pengine kabla ya hapo, kwa watu wengine waliorudisha funguo wakaenda zao kimya.

Akaipokea kata kwa mikono miwili. Akanywa. Halafu, bila kupangusa mdomo, akachukua kijiti, akakilamba, akampa Shahidi.

Shahidi akanguruma. Taa ikawaka nyekundu.

"Kinywa hiki kina afyuni. Afisa hatatia muhuri. Taja asili."

Rogathe alitazama ile taa kwa muda, kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe ya zamani.

"Sitaji," akasema.

Hapo ukumbi ukavuma. Ndekirwa akapenya mbele na mbuzi wake, akasema yeye tangu azaliwe hajawahi kulewa na afisa wa serikali, nafasi kama hii haiji tena, naye apewe kata. Akapewa. Akalamba kijiti, taa ikawaka nyekundu, akaulizwa asili, akasema aulizwe mbuzi. Akafuata yule mama aliyemvuta mtoto wake kule kituoni. Alikunywa kidogo tu, akimtazama Ndeshi machoni, na alipoulizwa akafumba mdomo. Wengine wakajipanga nyuma yake.

Katikati ya kelele zile Ndeshi alimwona Bibi akijikunja. Alikuwa ameinama juu ya kiti, vidole vimeshika ukingo, jasho limemtoka puani. Safari ile juu ya kiti ilikuwa imemuumiza, na kile kidogo alichokunywa kabla ya kuletwa, sehemu tu ya kipimo chake, hakikutosha. Ndeshi akafika, akapiga magoti. Bibi akaweka kidole juu ya kifuniko cha chupa.

Walio karibu wakanyamaza, wakawanyamazisha na walio mbali. Mbuzi mwenyewe akaacha kutafuna. Kila mtu alijua kwamba asili imeshatajwa, kwamba neno la kufunga limeshatoka mdomoni mwa Shahidi na linangoja muhuri tu. Kama lilikuwa limepita kwa njia yoyote, wangejua sasa. Kifuniko kilikuwa kinamsoma.

Kikafunguka. Kilitoa kile kisauti chake kidogo, mtu wa mwisho dirishani akakisikia.

Ndeshi akapima kijiko, akamnywesha, akamfuta kidevu kwa kanga yake. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikaa tu wakimtazama mwanamke mzee anakunywa dawa, mpaka mabega yake yakashuka.

Baadaye, akiwa na pumzi, Bibi alinong'ona kwamba afisa mwingine atatoka mjini. Atakuja na kinywa kisafi na muhuri mpya.

"Aje," Ndeshi akasema. "Naye tutamkaribisha."

Akasimama. Katika kata kulikuwa kumebaki togwa kidogo, imepita vinywa vya nusu ya kijiji. Akaichukua, akainywa mpaka chini, hakubakiza tone. Kisha akaenda mezani, akauokota ufunguo wake kwenye sahani. Shahidi akamwambia aurudishe. Hakuurudisha. Akaomba maji, akaletewa jagi, akasukutua, akatoka nje kutema, akarudi kukaa kitako sakafuni mbele ya meza, miguu ameikunja.

"Tunangoja," akawaambia watu. "Kama zamani. Mate yakishatulia nitalamba, tena bila kulazimishwa. Nikiwa mwekundu, huu ufunguo nautupa mwenyewe bondeni."

Jagi likazunguka. Watu wakasukutua, wakakaa, wenye vikapu wakavishusha. Rogathe alikuwa wa mwisho. Alifungua muhuri mkononi, akauweka mezani kando ya Shahidi, akasukutua kama wengine, akaja kukaa sakafuni karibu na kiti cha Bibi, na sare yake yote.

Nje, gari la waya lilikuwa limesimama tupu juu ya bonde.

"Anayefuata," Shahidi akasema.

Hakuna aliyeinuka.